Chafya za asubuhi, AC na hita: shughulikia maji kwanza, filta baadaye

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Tunaishi Njiro, Arusha. Tuliweka AC ya BTU 18,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kwenye chumba cha watoto, ukubwa mita 4 kwa 3.5. Baridi ya Juni hadi Agosti tunawasha hita ya feni. Mwanangu wa miaka saba akiamka anapiga chafya mfululizo, pua inamwasha na kutiririka maji, lakini ikifika saa tatu akiwa shule anakuwa amepata nafuu. AC ikiwashwa inatoa harufu ya tambara bichi kwa dakika chache. Fundi anataka ninunue filta ya HEPA, ile ya kunasa chembe ndogo mno, aipachike ndani ya AC. Mama mkwe anasema hita inakausha hewa, tuweke jiko la mkaa. Nimsikilize nani? (Mama wa wawili, Njiro)

Jibu: Dada, usimsikilize yeyote kati yao, na la mkaa ulikatae leo hii kabla jua halijazama. Mkaa uliokolea hauna moshi wala harufu, lakini unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyoonekana wala kunuka, ambayo huingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni. Watu hulala wasiamke. Kuliwasha jiko nje mpaka lishike ndipo liingizwe, au kuacha dirisha wazi upana wa kidole, hakulifanyi kuwa salama. Mweleze mama kwa adabu yote, ila jiko lisivuke mlango wa chumba cha kulala.

Sasa chafya. Ulivyozieleza, za asubuhi, zenye kuwasha na maji mepesi, na nafuu akitoka nyumbani, zina sura ya mzio wa kitu kilichomo chumbani humo. Chavua ya nyasi au ya ua wa misaiprasi ingemfuata hadi shuleni. Wa kushukiwa kwanza ni utitiri wa vumbi, vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi ndani ya godoro na mito na kula magamba ya ngozi yanayotudondoka usiku. Hauumi. Kinacholeta mzio ni kinyesi chake na mabaki ya miili yake, vitu vinavyokauka vikawa unga na kupanda hewani mtoto akijigeuza. Wa pili ni ukungu, ile kuvu inayoota penye unyevu, na ile harufu ya tambara bichi imekwisha kumtaja.

Hao wawili wanaishi kwa kitu kimoja, nacho ni maji yaliyomo hewani. Utitiri haunywi maji. Unafyonza unyevu kutoka kwenye hewa, na hewa ikikaa chini ya asilimia 50 ya unyevu kwa wiki kadhaa utitiri hukauka na kufa. Ukungu nao hauoti juu ya ukuta mkavu hata kama ukuta una vumbi. Kwa hiyo AC na hita tuzipime kwa swali moja tu: zinakiacha chumba kikavu au kibichi?

Usijibu swali hilo kwa kukisia. Nunua kipima unyevu kidogo cha betri, kile kinachoonyesha joto na asilimia kwa pamoja. Vya bei ndogo hudanganya, basi kikague kwanza: weka chumvi kijiko kimoja cha chai kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito, uitie pamoja na kipimo kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, uache usiku kucha. Asubuhi kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 68, ujue kila siku unaongeza 7. Kikae usawa wa kitanda, mbali na ukuta wa nje na mbali na upepo wa AC. Lengo ni chini ya 60 wakati wote, na karibu na 50 pale hali ya hewa inaporuhusu.

Tuje kwenye AC yako, maana hapo pana kosa lililofanyika siku ya kununua. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 ni mita za mraba 14. Kwa hesabu ya haraka ya BTU 600 kwa kila mita ya mraba, kinahitaji BTU 8,400, yaani mashine ya 9,000, na kwa hewa ya Arusha hiyo inatosha na kubaki. Wewe una mara mbili yake. Watu wengi hudhani ukubwa ni faida, kama gari lenye injini kubwa. Kwenye AC ni hasara. AC hukausha hewa pale tu koili yake ya ndani inapokaa baridi kwa muda mrefu: mvuke unageuka matone kwenye mapezi ya alumini, matone yanateremka kwenye sinia, sinia inamwaga nje. Mashine iliyozidi hufikisha nyuzi ulizotaka ndani ya dakika chache, kompresa (pampu ya gesi iliyo nje) inazima, feni inaendelea kupuliza, na maji yaliyokuwa bado yananing'inia kwenye koili yanarudi chumbani yakiwa mvuke. Chumba kinakuwa baridi na kibichi kwa pamoja, kama pango.

Wengine hupambana na hali hiyo kwa kushusha rimoti hadi 18. Wanaongeza tatizo. Hewa ya nje yenye nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 22. Kwa hiyo hewa kama hiyo inayopenya kwenye fremu ya dirisha na kukuta ukuta wa nyuzi 18 inaulowesha, taratibu, nyuma ya kabati usipopaona. Weka 25 au 26. Feni iwe ya polepole, kwa sababu hewa ikipita taratibu juu ya koili inaacha maji mengi zaidi. Siku za mvua ambazo hakuna joto, tumia hali ya kukausha, yenye alama ya tone la maji, badala ya ile ya theluji. Kama mashine ni inveta, yaani yenye kompresa inayobadili kasi, itajipunguza yenyewe na madhara yatakuwa madogo. Kama si inveta, ushauri wangu ni kuihamishia sebuleni, kwenye mita za mraba 25 hadi 30, na chumba cha watoto kipate ya 9,000 mkipata uwezo. Watoto wanaweza kabisa kulala bila AC Arusha kwa miezi mingi ya mwaka.

HEPA ya fundi. Filta ya aina hiyo hunasa asilimia 99.97 ya chembe za maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na ndiyo maana watu huiamini. Lakini hunasa hivyo kwa kuwa imebanana sana, na feni ya AC ya ukutani, ile ndefu yenye umbo la pipa, haina nguvu ya kusukuma hewa katikati yake. Ukiipachika, mawili hutokea. Hewa inatafuta upenyo pembeni ya filta na kupita bila kuchujwa; au inapungua mno, koili inaganda barafu, na barafu ikiyeyuka maji yanadondoka ukutani. Umelipa hela nyingi kuotesha ukungu. Wavu uliokuja na mashine haukutengenezwa kumtibu mtu pua. Kazi yake ni kuzuia nyuzi na manyoya yasizibe koili, basi.

Ukitaka HEPA, nunua kisafisha hewa kinachojitegemea, na usikubali neno "kikubwa" au "kidogo" la muuzaji. Mita za mraba 14 mara urefu wa mita 2.7 kutoka sakafu hadi dari ni mita za ujazo 38. Ili hewa yote ichujwe mara tano kwa saa unahitaji kifaa kinachosafisha mita za ujazo 190 kwa saa, na tarakimu hiyo huandikwa kwenye boksi. Kisitoe ozoni, maana ozoni inakereketa mapafu ya mtoto. Ila usikinunue kwanza. Mavi ya utitiri ni mazito, hutua upesi. Kifaa kilicho kona ya chumba hakiyapati yaliyomo ndani ya mto uliolaliwa.

Harufu. Inatoka kwenye koili, sinia na lile pipa la feni, mahali ambapo vumbi limekutana na maji. Vumbi la Arusha ni udongo wa volkano, laini kama poda, linapenya wavu na kugeuka tope jembamba juu ya koili. Sehemu yako ya kazi ni hii: zima AC kwenye breka, si kwa rimoti peke yake. Fungua kifuniko cha mbele, chomoa nyavu mbili, zikung'ute nje, zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida, zikauke kivulini. Juani plastiki hujikunja na haitakaa tena sawasawa. Kiangazi, hasa kama barabara yenu haina lami, fanya hivyo kila wiki mbili. Mvua zikinyesha, mwezi mmoja unatosha.

Sehemu ya fundi ni kila miezi sita. Wengi hupuliza maji usoni mwa koili kwa dakika kumi, wanakunja mkeka. Hiyo si kazi. Mwambie mapema kwamba unataka afunge mfuko wa kukingia maji chini ya mashine, aoshe koili kutoka juu kwenda chini kwa maji ya msukumo mdogo na sabuni isiyo kali, kisha aoshe pipa la feni ubapa mmoja mmoja, likiwezekana alitoe kabisa. Maji ya kwanza kwenye ndoo yatakuwa meusi. Asiache mpaka yatoke meupe. Asitumie Jik kwenye koili, kwani klorini inakula alumini. Wala pafyumu ya kupuliza usiipokee: inaficha harufu siku tatu na kumwongezea mtoto kitu kingine cha kumkereketa.

Ikishakuwa safi, ilinde. Koili ikizimwa ikiwa imelowa usiku kucha, ukungu unarudi ndani ya wiki chache. Asubuhi watoto wakitoka, fungua madirisha, weka AC kwenye feni tupu kwa nusu saa, ndipo uzime. Usifanye hivyo usiku madirisha yakiwa yamefungwa, maji yatarudi chumbani.

Hita sasa, na hapa mama mkwe ana nusu ya ukweli, kwamba hita inakausha. Kwa Njiro ya mwezi wa Julai hilo ndilo tunalolitaka. Chumba chenye nyuzi 16 na unyevu wa asilimia 85, ukikipasha hadi nyuzi 20 bila kuongeza maji, unyevu unashuka hadi 66 hivi. Tatizo la hita yako liko kwenye feni, si kwenye umeme. Inainua vumbi lililolala sakafuni na kulizungusha usawa wa kitanda, na ile harufu ya kuungua siku ya kwanza ya msimu ni vumbi la miezi tisa likichomeka juu ya waya. Badilisha kwa hita ya mafuta, ile yenye mbavu na magurudumu. Mafuta yake hayaungui, yanabeba joto tu, haina feni na uso wake hauwi mwekundu. Kwa mita 14 za mraba, wati 1,500 zinatosha. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni, na kila Juni kabla ya kuiwasha ipanguse kwa tambara bichi katikati ya mbavu. Iwake kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi watoto walale, izimwe. Saa tatu za wati 1,500 ni uniti nne na nusu zikizidi sana, kwa kuwa ina kidhibiti joto cha kuzima na kuwasha.

Hita za gesi au za mafuta ya taa zisizo na bomba la kutolea moshi nje zinaondoka kwenye orodha, hata zile nzuri za dukani. Mbali na hewa chafu, kuungua kwenyewe kunatengeneza maji: lita moja ya mafuta ya taa ikiungua inaacha takriban lita moja ya maji chumbani, katika umbo la mvuke.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi wa Arusha na hata wa Moshi wanalichukulia kinyume. Asubuhi ya Julai yenye ukungu mzito nje, kila mtu anafunga madirisha asiingize unyevu. Kumbe hewa ya baridi hubeba maji kidogo. Hewa ya nje ya nyuzi 13 yenye unyevu wa 95, ikiingia na kupashwa hadi nyuzi 20, inakuwa na unyevu wa 61 tu. Ni kavu kuliko iliyolaliwa na watoto wawili chumbani, ambao usiku kucha wametoa maji kwa pumzi na jasho. Kwa hiyo fungua madirisha mawili yanayotazamana, dakika 15, kila asubuhi ya baridi. Aprili ni hadithi nyingine: hewa ya masika ya nyuzi 18 na unyevu wa 95, ikifika nyuzi 22 ndani, bado ina asilimia 74. Miezi hiyo ndiyo AC yenye alama ya tone inapostahili umeme wake. Na miezi ya vumbi, fungua alfajiri umande ukiwa bado chini, funga magari yakianza kupita.

Kama mlipoweka madirisha ya alumini ya kuteleza mliziba na matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya madirisha ya zamani, yazibueni na kuyawekea wavu wa mbu. Nyumba za sasa zenye gypsum na vioo vinavyobana hazipumui, na nguo za shule zinazoanikwa ndani mwezi wa sita zinamwaga lita kadhaa humo humo. Zianikwe barazani hata zikichukua siku mbili.

Kabati livute sentimita 10 kutoka ukuta wa nje uone kilichopo nyuma. Madoa ya ukungu kwenye rangi ya mafuta yaoshwe kwa sabuni, kisha kwa klorini ya Jik robo lita kwenye maji lita 4, madirisha wazi, mtoto hayupo. Usichanganye klorini na siki wala dawa ya choo yenye tindikali: hutoka gesi ya sumu. Gypsum iliyolowa hadi ndani haioshwi. Inakatwa na kubadilishwa, baada ya kuziba msumari wa bati unaovuja. Kuipaka rangi juu ni kuahirisha.

Godoro ndilo lingepaswa kutangulia kwenye matumizi yako, kabla ya kifaa chochote. Shona au nunua kava la zipu linalofunika godoro pande zote sita, la kitambaa kilichofumwa kwa kubanana sana, na mito vivyo hivyo. Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60. Hapa kuna hesabu ndogo ya kienyeji: Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95, hayafiki 100. Ukichanganya nusu kwa nusu na maji ya bomba unapata kama 57, na beseni linakula nyingine, haitoshi. Changanya ndoo mbili za yaliyochemka na moja ya baridi, loweka dakika 30, watoto wakiwa mbali. Vitenge vinavyochuja rangi fua kwa maji ya kawaida na uvianike juani. Utitiri hautakufa wote, ila unga wake utaondoka na maji. Midoli ya manyoya iingie kwenye friza ndani ya mfuko kwa siku nzima, kisha ifuliwe.

Chandarua husahaulika, nacho kinaning'inia juu ya uso wa mtoto kikikusanya vumbi. Chenye dawa kifuliwe kwa maji baridi na sabuni ya mche, bila Jik, kianikwe kivulini. Mara moja kila miezi mitatu inatosha, maana dawa yake imetengenezwa kustahimili kufuliwa mara 20 hivi. Kama kuna pangaboi, vika kila ubapa foronya kuukuu na uvute: vumbi linabaki ndani ya foronya badala ya kumwagikia kitanda. Zulia la chumbani litoke. Sakafu ideki kwa tambara bichi badala ya kufagia.

Mpe mtoto mwezi mmoja hadi miwili, kwa sababu unga uliokwisha kusambaa hautoki kwa siku moja. Lakini akianza kukohoa usiku, kifua kupiga filimbi au kukosa pumzi akicheza, usisubiri: mpeleke kwa daktari, hospitali ya Mount Meru au KCMC mkiwa upande wa Moshi, aangaliwe pumu. Kama tayari anatumia dawa ya kuvuta, asiiache kwa sababu chumba kimekuwa safi.

Mkiamua kuhamisha AC, simama umwangalie fundi. Kabla ya kufungua mabomba aiwashe kwenye ubaridi, afunge valvu ya bomba jembamba, asubiri gesi irudi kwenye yuniti ya nje, afunge valvu ya bomba nene na azime papo hapo. Akishafunga sebuleni, anyonye hewa yote kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu angalau nusu saa kabla ya kuachia gesi. Wanaosukuma hewa nje kwa gesi yenyewe huacha unyevu ndani ya mfumo. Bomba la maji literemke sentimita moja kwa kila mita, ncha yake isizame ndani ya ndoo au dumu, la sivyo hewa itaziba njia. Kisha mimina nusu lita ya maji kwenye sinia. Yasipotoka nje ndani ya dakika moja mbili, usimlipe kwanza.